Mafuta ya Jirani Yetu

Wiki jana nilipanda teksi kwenda gatini Mokowe. Tulipoanza kuteremka, dereva, kijana wa bara, akatoa gia, gari likawa linaserereka lenyewe. "Tunasave mafuta, mathee," akaniambia. Nikamwomba arudishe gia. Akairudisha huku akicheka kidogo, asijue amenipeleka mbali kiasi gani.

Utotoni mwangu, mtaani kwetu gari lilikuwa moja tu, pikapu ya jirani, naye alikuwa na elimu yake ya mafuta. Petroli alinunua alfajiri, kwani, alisema, baridi huikaza, mtu akapata nyingi zaidi. Matope yakishika chini ya gari, sisi watoto tulipewa vijiti tuyabandue, maana uzito hunywa mafuta. Mkewe alitupa mkate wa mofa wa moto, nasi tukaula huku vidole vinanuka petroli. Na kwenye mteremko jirani alizima injini kabisa. Tulishuka kimya, tukisikia mchanga tu chini ya magurudumu, na raha yake ilishinda bembea za Idi.

Mchana mmoja mamangu akashikwa na uchungu wa kuzaa. Hospitali ilikuwa ng'ambo, Lamu, kwa hiyo bibi yetu akamwendea jirani. Jirani hata chakula chake hakumaliza. Mama alilazwa nyuma juu ya godoro, nami nikamshika mkono; bibi akakaa mbele. Tulipofika mteremkoni, mkono wa jirani ukaenda kwenye ufunguo kwa mazoea. Injini ikanyamaza. Punda wawili wenye mizigo wakatokea mbele yetu. Jirani akakanyaga breki, akakanyaga tena, nayo ikawa ngumu kama jiwe, maana injini iliyozimwa haiisaidii breki. Akapambana na usukani hadi gari likajikita kwenye rundo la mchanga wa kujengea.

Mama aliita jina la Mungu.

Bibi hakumkaripia jirani. "Bwana, washa gari," alimwambia taratibu, "na usizime tena. Ndia hii ya kwenda hospitali si ya kuhesabu matone."

Wachukuzi wenye punda wale wakatusukuma, injini ikakataa mara mbili, ya tatu ikashika. Mashua tuliipata. Ndugu yangu alizaliwa Lamu kabla ya adhana ya alasiri.

Siku ya tatu tuliporudi, tulimkuta jirani gatini, gari linanguruma. Hakujua tungekuja na mashua gani, akawa anangoja tangu asubuhi.

"Bwana, na mafuta yako?" bibi akamuuliza.

"Wacha yaungue, Bi," akasema, akampokea mtoto kwa mikono yake yenye grisi.

Hakuzima tena injini mteremkoni. Leo bibi hayupo, jirani hayupo, na pale pikapu ilipolala pana duka la simu. Magari yamejaa, na wengi wa madereva siwajui. Lakini mjane wa jirani yu hai, alhamdulillahi. Ndugu yangu, ambaye sasa ndevu zake zina mvi, humpelekea samaki kila Ijumaa, naye mjane akiwa na wageni huwaambia kuwa huyu ni mwanawe.