Pikapu Alizozikataa Kamba

Mume wangu anaitwa Kamba. Si jina alilopewa na mama yake. Ni jina la kazi, kwa sababu maisha yake yote amekuwa akivuta magari yaliyoharibika barabarani, na alianza na kamba tupu kabla hajamudu kununua chuma cha kuvutia. Hata mimi namwita hivyo nikikasirika, maana yake karibu kila siku.

Ni mtu wa maneno machache. Akila, anakula akiwa ameelekea mlangoni, ili simu ikilia awe ameshasimama nusu. Akilala, ufunguo wa gari uko chini ya mto. Nilipoolewa, shangazi yangu alisema nimeolewa na gereji, nami nikamjibu kwamba angalau gereji haina mama mkwe. Nilijidanganya. Mama mkwe alikuwapo, na shemeji alikuwapo pia.

Shemeji alikuwa mdogo wake Kamba, na kazi waliifanya pamoja. Kamba aliendesha pikapu mbele, shemeji akakaa ndani ya gari bovu nyuma kushika usukani. Gari bovu mara nyingi halina honi wala taa, kwa hiyo waliongea kwa mkono. Mkono ukitoka dirishani na kurudi ndani, maana yake twende. Mkono ukitoka na kubaki juu, maana yake simama. Kamba aliusoma kwenye kioo cha pembeni, na kazi ikaenda hivyo miaka na miaka. Ila shemeji alikuwa mtu wa watu. Aliwapungia wauza maji, askari, akina mama wanaoanika nguo, hata mbuzi. Tulimtania kwamba siku akigombea cheo atashinda bila kushuka garini.

Siku aliyokufa walikuwa wakivuta basi dogo kwenye mteremko. Mkono ukatoka dirishani, ukabaki juu. Kamba akauona. Kando ya barabara palikuwa na kituo cha mafuta, na vijana wa pale walikuwa marafiki wa shemeji. Kamba akadhani anawasalimia. Kumbe breki za basi zilikuwa zimekwisha. Basi lile lilikuwa zito kuliko pikapu yetu, likaisukuma kwa nyuma, chuma cha kuvutia kikakatika, likatumbukia korongoni na shemeji ndani yake.

Msibani Kamba alisema chuma kilikatika, na ni kweli kilikatika. Habari ya mkono aliniambia mimi peke yangu, jikoni, akiwa amenipa mgongo.

"Niliuona, mama watoto," alisema. "Niliuona vizuri kabisa."

Niliendelea kusugua sufuria ambayo ilikuwa imekwisha kutakata.

Pikapu yetu tukaiuza kama vipuri, na Kamba akakaa nyumbani. Simu ikilia aliitazama mpaka inyamaze. Alinyoosha misumari ya zamani, akapanga upya vitu vilivyokuwa vimepangwa, akawa mtu wa kukwepa hata kioo cha kunyolea. Ndevu alizipapasa kwa vidole akanyoa hivyo hivyo, na akatoka bafuni na uso kama wa mtu aliyepigana na paka. Nilimwogopa, nasema kweli. Aliyemwamsha ni mama mkwe, ambaye mimi na yeye hatujawahi kukubaliana hata kuhusu chumvi. Alikuja asubuhi moja, akasimama mlangoni bila kuketi.

"Nimezika mmoja," alimwambia. "Wewe unayejizika mwenyewe, nani akuchimbie?"

Basi tukaanza kutafuta pikapu iliyotumika. Nilifuatana naye kwa sababu sikutaka aende peke yake, ingawa nilimwambia nakwenda kumzuia dalali asimwibie. Dalali mwenyewe tulimwita Asali, na maneno yake yalikuwa matamu kiasi cha kuumiza meno. Kila gari kwake lilikuwa la mama mmoja mzee aliyekuwa akienda nalo sokoni tu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na Asali alitutembezea mengi.

Kumtazama Kamba akikagua pikapu kulinirudishia matumaini. Alilala chini kwenye mchanga, akagonga chasisi kwa bisibisi akisikiliza mlio. Alihesabu vyuma bapa vya springi za nyuma, kwani vilivyoongezwa ni ushahidi kwamba gari limebebeshwa kupita nguvu zake. Alinusa klachi. Aliniambia gari lililovuta sana huchoka mkiani kabla ya kichwani, na ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote tangu msiba. Kisha alipanda, akashika usukani, akainua macho kutazama kioo. Hapo hapo alishuka.

"Hapana," alisema. Klachi. Nyingine, giaboksi. Nyingine, hakusema hata sababu.

Nilikuwa mpumbavu, nilidhani anachagua kwa makini. Nilianza kushtuka tulipokuta pikapu moja nyeupe ya dizeli. Ilikuwa pana, breki zake mpya, ndoano imefungwa kwa bolti kwenye chasisi yenyewe. Alikuwa amelala chini yake muda mrefu na aliibuka akiwa karibu kutabasamu. Akapanda, akatazama kioo, akashuka akiwa amelowa jasho. Kisha akavuka uwanja moja kwa moja hadi kwenye kopo moja bovu la pikapu lililoegemea ukuta, ambalo kutu yake ilikuwa ikidondoka lenyewe likiwa limesimama.

"Tuchukue hii," alisema.

Hata Asali alikosa cha kusifia. Nikalizunguka kopo lile, nikaelewa. Nyuma lilikuwa limezibwa na boksi la bati hadi juu, na vioo vyote viwili vya pembeni vilikuwa vimeng'oka. Mtu akikaa mle hataona chochote kinachomfuata.

Nilipandwa na hasira, halafu hasira ikageuka woga. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, najua, lakini huyu alikuwa akijitafutia nyoka mwingine. Angevuta magari ya watu akiwa kipofu, na mtu wa nyuma angenyoosha mkono mpaka uchoke. Nikamwambia Asali afunge gari lolote bovu nyuma ya ile nyeupe, tuijaribu hapo hapo uwanjani. Kisha nikafungua mlango wa hilo bovu nikakaa kwenye usukani. Usukani naujua. Shemeji ndiye aliyenifundisha.

Kamba alikuja dirishani akaniomba nishuke. Nilimwambia sitashuka. Nikamwambia akitaka kununua kopo lake anunue, lakini mtu wa kwanza atakayemvuta nalo ni mimi, mama wa watoto wake. Akaenda mbele akapanda.

Nikatoa mkono, nikaurudisha. Pikapu haikwenda. Nikatoa tena. Niliuona uso wake kwenye kioo cha pembeni, mdogo, umekauka. Injini ilinguruma tu. Asali akaanza kusema jambo, nikamtazama, akanyamaza. Mwishowe Kamba alishuka akaja taratibu mpaka dirishani kwangu. Hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa akitazama kiti cha pembeni.

"Huyo uliyekaa naye," aliuliza kwa sauti ya chini, "anasemaje?"

Kwenye kile kiti hapakuwa na kitu ila vumbi na gazeti kuukuu. Mimi si mtu wa mizimu. Mtu akifa namlilia, namzika, namkosa, basi. Lakini nilijua kwamba nikicheka au nikimkaripia, mume wangu nitamrudisha nyumbani akanyooshe misumari mpaka afe. Niligeuka nikakitazama kile kiti, nikainamisha sikio kama mtu anayesikiliza.

"Anasema twende," nilimwambia. "Anasema leo mkono ni wangu. Yeye atapungia watu tu."

Kamba alijifuta uso kwa mkono wa shati, akarudi mbele. Safari hii nilipotoa mkono na kuurudisha, gari lilisogea. Tulipofika katikati ya uwanja niliutoa tena nikauacha juu. Pikapu ilisimama papo hapo. Nikaurudisha, tukaenda, nikauinua, akasimama. Tulizunguka hivyo uwanja mzima, mimi nikilia kwa sauti, mkono nje, na Asali akitutazama kama watu waliorukwa na akili.

Tuliichukua ile nyeupe. Kazi imerudi, na kwa sasa anayeshika usukani wa nyuma ni mimi, mpaka apatikane mwingine. Kamba hataki apatikane mwingine. Mkoba wangu nauweka miguuni. Kiti cha pembeni, gari liwe lolote, sikiwekei kitu.