Tenga la Selari la Mama Adelard

Sahani za watu zilijaa juu ya sanduku chumbani mwa Kokushubila, safi, zimeoshwa zikang'aa, na kila alipozitazama alitamani ardhi ipasuke immeze. Zilikuwa za majirani zake wa Keko. Zilikuja zimejaa chakula, na yeye hakuwa na cha kuzirudishia.

Huyu mama alikuwa Mhaya wa Bukoba. Alikulia jikoni kwa masista wa misheni, akimenya, akikatakata, akigombezwa. Akaolewa na Revelian, karani wa vifurushi stesheni, naye akamleta Dar es Salaam miaka michache baada ya askari wetu kurudi kutoka vita vya Burma. Wakapanga chumba kwa Bi. Chausiku, mjane mwenyeji wa pwani, katika nyumba ya udongo yenye ukumbi katikati na jiko la pamoja uani. Kiswahili chake kilikuwa cha kanisani, kimenyooka kama rula, na wanawake wa uani walikuwa wakimcheka kidogo, si kwa ubaya.

Hapo akajifungua Adelard, na homa ikampanda asijue usiku wala mchana. Revelian alikuwa kazini, ndugu zake Kokushubila walikuwa kwao, ng'ambo ya ziwa. Nani angemtazama? Wanawake wale wale. Bi. Chausiku alimkanda kwa maji ya moto. Hamisa wa nyumba ya pili, mwanamke asiyejua kumung'unya maneno, alimletea uji wa pilipili manga akamsimamia mpaka amalize. Wengine walileta wali, supu, samaki wa kupaka. Mtoto alibebwa mikono kwa mikono, hata Revelian akirudi jioni ilimbidi aulize mwanawe yuko nyumba gani. Kokushubila alipona kwa mikono ya watu ambao hakuwa amewajua hata mwaka mmoja, na hilo hakulisahau maisha yake yote.

Basi alipopata nguvu, akaosha sahani moja ya Hamisa vizuri, akaifuta, akampelekea kwa mikono miwili. Hamisa akaipokea, akaitazama, akasema tu, "Haya, mama." Baadaye Kokushubila alimsikia uani akiwaambia wenzake, "Ametuletea sahani kavu! Utadhani tumekosana." Kumbe pwani sahani ya jirani hairudi tupu. Hata embe moja, hata kipande cha muhogo, kitu lazima kiwemo. Kwao Bukoba hakuwahi kuambiwa jambo hilo. Akaona aibu ikampanda mpaka masikioni, na zile sahani nyingine akaogopa kuzigusa. Akaanza kukwepa uani. Akawa anachota maji watu wakiwa wamelala mchana, na Hamisa akaona kwamba Mhaya sasa anaringa. Mambo yakazidi kuharibika hivyo hivyo, kila mtu na lake moyoni.

Jioni moja Revelian akaingia na tenga kichwani, tai yake imekwenda upande. Lilikuwa limeteremka na treni kutoka Morogoro, mboga za milima ya Mgeta, za Mzungu mmoja ambaye kumbe alishapanda meli kwenda likizo kwao. Mkubwa wa stesheni alisema mtu alichukue kabla halijanuka.

Bi. Chausiku akafunua majani ya mgomba. "Mungu wangu! Hii nini? Kotmiri iliyokula mbolea?"

"Ni selari, Bi. Chausiku," Kokushubila akajibu. "Masista walikuwa wakiipanda. Lakini ni nyingi mno. Kesho kutwa itakuwa imelegea, tutatupa."

"Nani atupe? Na sahani za watu zinakungoja huko ndani?"

Kokushubila akatazama chini. Kumbe mzee alikuwa anajua siku zote. "Mimi Mkristo, mama. Wakikataa kula?"

Bi. Chausiku hakumficha. "Wengine wataogopa sufuria yako, watasema imepikiwa nguruwe. Sasa chukua yangu. Chukua na kikaango. Mie nitakaa hapa hapa, kila mtu anione."

Neno la nguruwe lilimchoma kidogo, maana nguruwe hakuwahi kumpika mjini. Lakini alielewa kwamba mzee anamfungulia mlango, akamshukuru Mungu kimoyomoyo, akaloweka kunde.

Asubuhi akaanza, na hapo ndipo uani walipoona mikono ya mtu aliyefunzwa. Majani hakutupa hata moja. Aliyakatakata madogo, akayachanganya na kunde zilizosagwa, vitunguu na pilipili, akakaanga bajia. Mashina laini ya katikati akayapika kwa tui zito na uduvi. Yale magumu ya nje, ambayo mtu mwingine angewapa mbuzi, aliyavuta nyuzi moja moja, akayakata membamba, akayatia chumvi na ndimu. Mengine ya kula siku ile, mengine chupani yawe achari. Bi. Chausiku alikaa kwenye kigoda kama alivyoahidi, akionja kuliko ilivyolazimu, akimweleza kila mpita njia kwamba sufuria ni ya kwake.

Mchana sahani zikaondoka, kila moja imejaa na kufunikwa kawa. Kokushubila mwenyewe ndiye aliyezipeleka, mtoto mgongoni. Alipofika kwa Hamisa, akasema, "Dada, ile ya kwanza niliileta vibaya. Sikujua. Nyinyi mliniokoa, na mimi nikawakimbia kwa aibu."

Hamisa akapokea sahani, akaingia ndani na kurudishia mlango. Kokushubila akarudi chumbani kwake, akakaa kitandani na moyo mzito. Aliona wazi kwamba chakula kile kitaishia kwa kuku.

Alasiri haijaisha, Hamisa akasimama mlangoni, vidole bado vinang'aa mafuta ya bajia.

"We Mama Adelard, mbona hukuniambia hujui? Mie nimekununia bure!" Akajifuta kwa kanga. "Sasa sikiliza. Ijumaa nina hitma ya marehemu mama yangu, na watu ni wengi. Sikualiki kula. Wageni ndio wanaoalikwa kula. Wewe njoo asubuhi na kisu chako, ukae na sie jikoni."

Kokushubila alitaka kujibu kwa Kiswahili chake kilichonyooka, kikamkimbia chote. Alimshika Hamisa mikono yote miwili, yenye mafuta vile vile, akalia kwa furaha, na Hamisa, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akilia, akaanza kumfokea anyamaze huku na yeye machozi yakimtoka.