Kibodi Tatu za Mnada wa Mbali

Mama mdogo hakuwa kipofu. Naanza na hilo kwa sababu watu wa mtaani kwetu walipokuja kulijua jambo lenyewe, walilikuza. Alikuwa anamwona mtu, anaiona karatasi, anamwona kuku akiingia dukani na anamfukuza kabla mimi sijageuka. Herufi ndizo zilizokuwa zimemkimbia. Na kazi yake ilikuwa herufi.

Tangu usichana wake alikuwa mpiga chapa kwenye ofisi ya ushirika wa pamba. Soko huria lilipokuja, wanunuzi binafsi wakasambaa kila kijiji na mizani zao, ushirika ukaanza kuhema, ofisi zikafungwa moja moja. Wafanyakazi wakapewa barua za kuachishwa. Barua hizo alizipiga chapa yeye, na ya kwake ikiwemo. Alikuwa akinisimulia hivyo huku anacheka, ananiambia, "Yangu niliipanga vizuri kuliko zote, ng'wanone, mwanangu. Pembeni nimeacha nafasi safi, tarehe imekaa sawa."

Vitu vya ofisi vilipouzwa, kompyuta yao ilinunuliwa na mama mmoja wa pale Bariadi aliyefungua steshenari karibu na stendi. Akamchukua na mama mdogo. Enzi hizo tulikuwa bado Mkoa wa Shinyanga, Simiyu haijazaliwa, na mtu akitaka barua nzuri ya kupeleka wilayani alikuja kwetu. Nasema kwetu kwa sababu na mimi nilikuwemo. Shule niliishia kidato cha pili, nikatoka kwa mama huko Nkololo nikaja kukaa na mdogo wake, na bosi akanipa kazi ya fotokopi.

Kazi yangu nyingine bosi hakuijua. Mteja akileta barua ya mkono, nilimsomea mama mdogo kwa sauti ya chini, kama vile namsaidia tu kwa kuwa mwandiko ni mbaya. Karatasi ikitoka kwenye printa naipitia kabla ya mtu yeyote. Makosa yalikuwa machache sana. Aliandika huku anaangalia barabarani, anamsalimia mpita njia, "Mwangaluka!", na vidole vinaendelea.

Siri ya vidole vile ilikuwa kibodi. Ilikuja na ile kompyuta ya ushirika, nzito, ungeweza kuzuia mlango kwayo wakati wa upepo. Chini ya kila kitufe kulikuwa na springi, ukibonyeza inakujibu kwa kidole na kwa sikio. Mama mdogo alijifunzia kwenye mashine ya chapa, kwa hiyo alihitaji kujibiwa hivyo. Akisikia mlio, anajua herufi imeingia. Asiposikia, anarudia.

Mwezi wa tatu mvua ilipiga siku mbili, bati likavuja pale pale juu ya meza yake. Asubuhi tulikuta kibodi imejaa maji kama sahani ya mchuzi. Tukaianika juani, tukaipepea, nikaipiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Ikarudi, lakini A haikurudi. Wala K. Nani ataandika Kiswahili bila A? Hata "shikamoo" haifiki.

Bosi hakuona tatizo. Akanunua kibodi mpya Mwanza, nyepesi, nyeusi, bei rahisi. Unabonyeza na hujui kama umebonyeza. Mama mdogo akawa kama mtu anayetembea gizani kwenye nyumba waliyohamisha samani. Wakulima wa Kalemela walileta barua ya kulalamikia mizani, ikatoka na maneno yaliyogandana na mengine yaliyokatika miguu. Siku hiyo foleni ilikuwa ndefu, sikuwahi kuipitia. Mzee aliyeipokea akaishika mbali, akaileta karibu, akasema kwa upole, "Mama, hapa mbona wilaya mmeila katikati?"

Bosi alisikia. Aliwasubiri wakulima waondoke.

"Dada, mikono imechoka?"

"Haijachoka."

"Maana msimu wa pamba ukifunguliwa hapa hapatoshi. Mikataba, barua, fomu. Nataka mtu anayeweza. Mpaka hapo nitaangalia."

Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa biashara. Mimi nilijua maana yake, na mama mdogo alijua, kwa sababu jioni ile alipika ugali akasahau mboga.

Basi nikaamua kuitafuta kibodi kama ile. Nilizaliwa na moyo wa namna hiyo, naweza kuamua jambo kubwa nikiwa nafagia. Bosi ana mdogo wake aliyekuwa akisoma Uingereza. Likizo iliyopita alikuwa amenionyesha kwenye kompyuta yetu ya intaneti mnada wa huko mtandaoni, ambapo watu wanauza vitu vya zamani, saa, redio, vikombe vya mfalme aliyekufa. Nikamwandikia barua pepe kwamba dukani tunahitaji kibodi ya zamani yenye springi. Akajibu kwamba watu wanazikusanya kama vito, lakini nitafute, pasiwedi yake ndiyo hii, atalipa yeye na mwezi wa sita atakuja nayo. Mwisho akaandika, "Moja tu, dogo."

Mchana wateja wakipungua nilikaa pale. Picha zilishuka polepole kutoka juu, kwanza meza ya mtu, halafu ukingo, halafu safu moja ya vitufe, na mimi nimeshika kidevu. Sikujua kwamba duniani kuna kibodi nyingi hivyo. Nyeupe, za njano, zenye vitufe vya kahawia. Kila moja niliitungia mwenyewe wake. Hii ilikuwa ya karani wa benki aliyependa pipi, hii ya mwalimu, hii ya dada aliyeolewa akaacha kazi. Nilijifunza kutafuta namba iliyobandikwa mgongoni, nikaigeuza yetu iliyokufa, nikaikariri namba yake kama ya mtihani.

Nikazipata tatu zenye namba ile ile, kwa wauzaji watatu, minada yote inafungwa wiki moja.

Sasa hapa lazima nieleze nilivyokua. Mama yangu anauza chai kwenye mnada wa ng'ombe, na mimi nimekulia chini ya meza yake ya maandazi. Mnada wa ng'ombe naujua. Mnunuzi haoni haya kutaja bei kwa ng'ombe watatu kwa mpigo. Anataja kwa huyu, anasogea, anataja kwa yule, anakunywa chai kwanza. Kutaja bei ni kuanza maongezi. Halafu anarudi, anamponda ng'ombe, mara ana mbavu, mara jicho hili silielewi, mwenye mali anakasirika, wanacheka, bei inashuka. Biashara imekwisha pale tu kamba inapotoka mkono huu kuingia mkono ule. Kabla ya kamba, hakuna aliyenunua kitu.

Kwa hiyo nikataja bei kwa zote tatu. Mtu mwingine akipanda, napanda kidogo. Wiki ikaisha, nikafungua nikakuta maneno kwamba nimeshinda. Mara tatu! Nilicheza kidogo pale kwenye kiti. Nikaona nimepata nafasi ya kuongea na wenye mali peke yangu, wengine wameondoka. Nikachukua kamusi, nikawaandikia wote watatu kwa Kiingereza changu cha kidato cha pili. Nikawasalimia, nikauliza habari za familia na mvua. Halafu nikaanza kuponda. Ya kwanza nilisema imekuwa njano kama meno ya mzee mvuta tumbaku. Ya pili, waya wake umejikunja kama mkia wa nguruwe. Ya tatu, ina vumbi, bila shaka mwenyewe hakuipenda. Nikamalizia kwa wote: tunaweza kuongea bei, karibu.

Siku ya tatu simu ya bosi ikalia. Akasikiliza, akanigeukia. "Ni mdogo wangu. Anakutaka wewe."

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Dogo, umefungua duka?"

"Hapana."

"Kibodi tatu za nini? Huko Bariadi siku hizi mtu ana mikono sita?"

"Sijanunua bado, kaka. Nilikuwa naongea nao."

"Unaongea nao nini? Kuna baba mmoja hapa ananiandikia kwamba nimemtukana."

"Sikumtukana. Niliponda tu kidogo. Bei nimetaja, lakini kamba sijashika."

Nilisikia gari likipita kule kwao.

"Kamba gani?"

Nikamweleza. Alicheka mpaka akakohoa, lakini alipomaliza sauti yake haikuwa ya kucheka tena. "Sikiliza. Huku ukitaja bei na mnada ukafungwa, umenunua. Zote tatu ni zangu kwa sheria. Na mimi ni mwanafunzi, dogo, nabeba masanduku ghalani kila Jumamosi. Nilisema moja. Hebu nipe dada yangu."

Bosi alikuwa amesimama pale pale, amesikia nusu. "Kamba ya nini? Kibodi ya nini? Si nimeleta mpya juzi?"

Nilitaka kutunga kitu. Kwa kawaida natunga haraka, lakini siku hiyo nilichelewa. Mama mdogo ndiye aliyeongea, bila kuinuka, mikono yote miwili juu ya ile kibodi nyeusi.

"Ni kwa ajili yangu, bosi. Herufi sizioni."

"Huzioni vipi?"

"Karatasi naiona. Na wewe nakuona, umevaa kitenge cha kijani. Herufi sizioni."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hujaniajiri."

Bosi akaangalia rafu ya mafaili, zile nakala za miaka yote, barua za mahakamani, mihtasari ya vijiji, mialiko ya harusi. Akachukua moja, akaisoma, akairudisha. Akachukua nyingine.

"Na hizi zote?"

"Nilizisikia vidoleni. Huyu alikuwa ananisomea. Kibodi ya ushirika ilikuwa inaniambia nilipo. Hii haisemi kitu."

Simu ilikuwa bado mkononi mwangu, na kaka kule anaita, "Haloo? Haloo?" Bosi akainyakua.

"Nyamaza kwanza," akamwambia mdogo wake. Kisha akakaa kwenye kiti cha wateja. Mimi nilikuwa nimesimama nahesabu vigae ambavyo hatukuwa navyo. Hatimaye akasema, "Watu wakisikia kwamba mpiga chapa wangu haoni, watasemaje?" Akajijibu mwenyewe, "Watasema walichosema kila mwaka, kwamba barua nzuri ziko kwangu." Akarudi kwenye simu. "Waombe wakuachie. Watakaokataa, walipe, mimi na wewe tutaelewana. Lakini kabla ya msimu nataka moja ipo hapa mezani. Na inayofanya kazi."

Nilienda nyuma ya duka nikalia mpaka kwikwi. Halafu nikarudi kwenye fotokopi.

Muuzaji wa kwanza, yule wa meno ya njano, alitukubalia tuiache, akaandika kwamba hajawahi kupata barua nzuri kama ile. Wa pili na wa tatu walitaka pesa zao. Wa tatu, niliyemwambia hakuipenda kibodi yake, alidai ndani ya siku mbili, bila salamu. Kaka akalipa.

Mwezi wa sita alishuka na begi kubwa, amenenepa, anaongea Kiswahili cha pua. Bosi alishafuta meza mwenyewe. Kwanza tulichomeka ile ya pili, nzuri, safi, niliyokuwa nikiiota tangu picha iliposhuka. Nikawasha kompyuta. Mama mdogo akaweka vidole, akabonyeza, na milio ikatoka kama zamani. Akatabasamu. Mimi nilikuwa naangalia skrini, na skrini ilikuwa tupu.

"Imeandika nini?" akauliza.

Kaka akachomoa, akachomeka, akapuliza. Tupu. Bosi akapaka nywele mafuta ambayo hayakuwepo, anapitisha tu kiganja kichwani.

"Hiyo nyingine," akasema.

Ya yule mwenye hasira ilikuwa imefungwa kwa magazeti tabaka nne, na gundi kila kona, mpaka tukatumia kisu cha kitunguu. Vumbi lote alikuwa amelifuta. Nafikiri alikaa nayo siku nzima na kitambaa, kwa ajili ya maneno yangu. Nilijisikia vibaya, nilitaka kumwomba radhi yule baba nisiyemjua. Kaka akachomeka.

Mama mdogo hakusubiri kuambiwa. Akapiga.

"Soma," akasema.

"Kwa Mkuu wa Wilaya," nikasoma, "yah, ombi la kukaguliwa mizani, kijiji cha Kalemela." Alikuwa ameirudia ile barua iliyomharibikia, yote, kwa kichwa. Niliisoma hadi mwisho nikitafuta kosa kwa nguvu zangu zote. Palikuwa na nukta moja mahali pa mkato, nikainyamazia.

"Wabeja gete," mama mdogo akashukuru kwa Kisukuma. Sijui alikuwa anamwambia nani. Alikuwa anaipapasa ile kibodi pembeni, anatafuta ilikoanzia na ilikoishia.

Bosi akaingia stoo. Akatoka na rundo la karatasi za wanunuzi wa pamba, mikataba ya mawakala wa Nassa na Nkololo, mirefu, mwandiko wa kila aina. Akalishikilia kifuani kidogo.

"Hizi zinatakiwa Jumatatu," akasema.

"Weka huku kushoto," mama mdogo akamwambia, "mtoto azifikie. Na wewe ng'wanone, usikae mbali, vuta stuli. Anza na yenye mwandiko mbaya kuliko zote, tuimalize kabla sijachoka."