Mafuta ya Kurudia

Usiku ule redio ilikuwa imetangaza kwamba chombo kilichobeba wanaanga wawili kimeshindwa kuungana na kituo cha angani, na sasa wanarudi duniani. Nililala nikiwawaza. Usingizini akanijia Mwalimu Zuhura, aliyenifundisha fizikia sekondari, ambaye sikwenda hata kumzika.

Yeye ndiye aliyenihangaikia mpaka nikapata nafasi ya kusomea uhandisi ng'ambo. Nilifeli mwaka wa pili. Nikarudi kimyakimya, nikapanga chumba Morogoro, nikawa natengeneza simu mbovu. Mama kule Iringa aliamini bado nasoma. Mwalimu alipougua niliambiwa ananiulizia. Sikwenda.

Nilimkuta maabara, anafuta ubao.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa."

Ninakaa, na ubao umekuwa dirisha. Tumo ndani ya chombo, bega kwa bega, tumefungwa mikanda. Mbele yetu kituo kinang'aa, karibu kiasi kwamba naona mtu akitupungia mkono. Usukani ninao mimi. Tunasogea, tunagusa, kufuli halinasi. Narudi nyuma, najaribu tena. Halinasi. Jasho langu linaelea mbele ya macho kama shanga.

"Mafuta yamebaki kiasi gani?" ananiuliza.

"Ya kujaribu mara moja tu."

"Na ya kurudia nyumbani?"

Natazama kipimo. Ni hayohayo.

"Geuza, mwanangu."

"Nitawaambia nini watu wa nyumbani, Mwalimu?"

"Wanakungoja wewe. Hawakingoji kituo."

Nageuza. Yule mtu wa dirishani anazidi kuwa mdogo, mkono bado uko juu. Nalia, na machozi hayadondoki. Nataka kumwomba Mwalimu radhi, lakini nikigeuka kiti chake ni kitupu, mkanda umefungwa vilevile.

Nikaamka mto umelowa. Kulikuwa kunapambazuka. Nikampigia mama kabla sijabadili nia.

"Mama, siko ng'ambo. Niko Morogoro. Huu mwaka wa tatu."

Nilimsikia akivuta kigoda, akaketi.

"Najua," akasema. "Mwalimu wako aliniambia kabla hajafariki. Alikuja huko kutibiwa, akakuona kibandani umeinamia simu ya mtu. Alitamani sana kukusalimia. Akapita upande wa pili wa barabara, usije ukaona haya."