Mkopo wa Maua

Mwaka 1931 familia ya Bartholomayo ilihama Kamachumu, nyanda za juu za Bukoba, ikashuka Ngenge, ambako ardhi ni kavu na migomba haistawi. Miaka miwili kabla ya hapo, kahawa ilipokuwa na bei nzuri, Bartholomayo alikopa pesa kwa mchuuzi na kuweka rehani maua ya kahawa yaliyokuwa bado mtini. Endapo maua yasingetosha, aliahidi na kibanja chenyewe, shamba lake la kahawa na migomba. Kwa pesa hizo alinunua mabati na baiskeli. Kahawa ilipoiva bei ilikuwa imeporomoka, mavuno yote hayakufikia nusu ya deni, na kibanja kikachukuliwa. Siku ya kuhama, mwanawe Gamaliel Byarugaba alibebeshwa kuku wawili, na njia nzima alikuwa akigeuka kutazama nyuma.

Shuleni alimuuliza mwalimu wake, "Nani anapanga bei ya kahawa?"

"Wazungu, huko Ulaya."

"Na wao wanapangiwa na nani?"

Mwalimu alimwambia akae chini. Gamaliel alikaa, lakini swali lilibaki limesimama. Lilimfuata sekondari, likamfuata hadi Makerere, ambako alichagua kusoma uchumi wakati wenzake wengi wa Bukoba wakitaka udaktari au ualimu. Huko alisoma habari za fedha na mabenki, za nchi zinazostawi miaka kadhaa kisha zikaanguka, zikainuka tena na kuanguka tena. Vitabu vilieleza foleni za watu waliokimbilia kutoa akiba zao benki. Kuhusu watu waliopoteza vibanja bila kuwahi kuona mlango wa benki, havikusema neno.

Akaamua kuiandika habari hiyo yeye mwenyewe. Alifundisha miaka michache Bukoba, akamwoa Kokuhirwa, mwalimu mwenzake, wakapata mtoto, Lameki, kisha akakubaliwa kufanya shahada ya pili. Mwaka 1953 walikuwa wamepanga nyumba Nshambya, mjini Bukoba, na kila Jumatatu Gamaliel alipanda basi kwenda Muleba, upande wa Kamachumu, kufanya utafiti.

Alikuja na maswali ya shida wakati wa raha. Bei ya kahawa ilikuwa juu kuliko mtu yeyote alivyokumbuka. Kamachumu yote ilimeremeta mabati, harusi zilifuatana, na wachuuzi walikuwa wakigawa mikopo ya maua kama zamani. Gamaliel alipobisha hodi na kuuliza habari za madeni ya miaka ya thelathini, watu walimkaribisha kwa heshima, wakampa chai, wasimwambie kitu. Walidhani ni mtu wa kodi.

"Baba Lameki," Kokuhirwa alimwambia aliporudi amenyong'onyea, "unawaingia kwa deni. Nani atakujibu? Waulize majirani zao walikwenda wapi."

Alijaribu hivyo. Mama mmoja alianza kumtajia jirani aliyehamia Karagwe, akakumbuka wa pili, akaanza kulia, na mumewe akaendelea pale alipoishia. Kuanzia siku hiyo Gamaliel hakupata shida ya kusikia. Shida yake ikawa kuelewa. Kila mtu alilaumu bei, na bei ilitoka nje. Kama ni hivyo tu, tasnifu yake ingekuwa na sentensi moja.

Ndipo alipokwenda mtaa wa Bakoba, pale mjini, kumwona Shaban Lukmani, mzee aliyekuwa mchuuzi wa kahawa miaka ile, yule yule aliyemkopesha baba yake. Shaban hakumficha hasira yake.

"Umekuja kuniandika kwamba nilikula vibanja vya watu."

"Nimekuja kuuliza, mzee wangu. Ile pesa uliyokopesha ulikuwa unaitoa wapi?"

Shaban alimkaribisha mkekani, akamwekea kikombe cha chai. Inaelekea hakuna aliyewahi kumuuliza hilo.

"Kwa mnunuzi mkubwa wa mjini," alisema. "Na yeye aliitoa benki. Bei ilipoanguka benki ilimbana yeye, yeye akanibana mimi, mimi nikambana baba yako na wengine. Wote tukauza siku moja. Nani wa kununua? Vibanja nilivyochukua nilivitupa kwa bei ya mbuzi. Nyumba yangu yenyewe ilikwenda."

"Na kila mahali ilikuwa hivyo?"

"Kila tulipofika. Kule ng'ambo ya bonde la matope hatukufika, baiskeli ilikuwa haipiti."

Gamaliel alisimama ghafla hata akakipiga kikombe teke. Aliomba radhi, akaaga, na kesho yake alivua viatu akavuka lile bonde, matope yakimfika magotini.

Ng'ambo alikuta watu wa kabila lile lile, udongo ule ule, kahawa ile ile. Miaka ya thelathini waliuza kwa bei mbaya ile ile ya Kamachumu. Walikula ndizi bila chumvi, walivaa viraka, watoto waliacha shule. Lakini alipouliza majirani walikwenda wapi, walimshangaa. Hakuna aliyehama. Aliuliza nyumba kwa nyumba, akarudi wiki iliyofuata akauliza tena, maana hakutaka kujidanganya. Jibu lilikuwa lile lile. Wachuuzi hawakufika kule, kwa hiyo hakuna aliyekopa kwa maua, na bei ilipoanguka hakuna aliyekuja kudai.

Kokuhirwa anasema mumewe aliingia nyumbani na matope yake, akamnyanyua juu mbele ya majirani, akisema, "Nimelipata!"

Tasnifu aliitetea Makerere mwaka uliofuata. Mtahini alitoka London, mtu mrefu mwenye sauti ya upole, na alianza kwa kutilia shaka msingi wenyewe.

"Bwana Byarugaba, mdororo ule wa uchumi ulianzia Amerika. Wakulima wako hawakuwa na benki wala soko la hisa. Kuna mgogoro gani wa fedha hapo? Si bei tu ilishuka?"

Gamaliel aliinuka, ingawa hakutakiwa kuinuka.

"Bei ilishuka pande zote mbili za bonde, bwana. Upande mmoja watu walipata njaa. Upande wa pili walipata njaa na kupoteza ardhi. Tofauti ni mkopo. Wakati wa neema kila mtu alikopa akidhani neema haina mwisho, na mkopeshaji naye alikopa akidhani hivyo hivyo. Bei ya kahawa ilishuka, bei ya kibanja ikashuka, deni peke yake halikushuka. Shida ilitoka nje. Anguko tulilipika wenyewe nyumbani."

Mtahini alifunua kurasa zile za ng'ambo ya bonde, akazisoma upya bila haraka. Kisha akamgeukia mwenzake, akasema kwa sauti ambayo wote waliisikia, "Nimefundisha jambo hili miaka ishirini, na sijawahi kuliona waziwazi namna hii." Alizunguka meza akampa Gamaliel mkono. Tasnifu ilipita bila kubadilishwa neno.

Gamaliel hakuona sababu ya kuishia hapo. Bei ilikuwa bado juu, na maua ya msimu mpya yalikuwa yameanza kuwekwa rehani. Aliwaita wakulima wa Kamachumu kwenye uwanja wa kanisa la Kilutheri, akawaeleza kwa Kihaya yale aliyowaeleza maprofesa kwa Kiingereza. Aliwaomba waunde umoja. Asikope mtu kwa maua, na kila atakayeuza kahawa aweke sehemu ya pesa akiba posta kwa jina la umoja, atakayekwama akope humo.

Wengi walicheka. "Ee waitu, ndugu yetu, mvua inanyesha na wewe unatuambia tuogope kiangazi!"

Ndipo Bartholomayo, aliyekuwa amepanda kutoka Ngenge kumsikiliza mwanawe, akasimama. "Nyinyi mnanifahamu," alisema. "Mmewahi kunisikia nikisimulia tulivyohama? Sijawahi, kwa aibu. Leo nitasimulia." Akasimulia yote, rehani, mabati, baiskeli. Alipokaa hakuna aliyecheka. Siku ile kaya arobaini ziliingia kwenye umoja.

Bei ilianguka kabla mwaka wa pili haujaisha. Katika vijiji vya jirani wachuuzi walianza kuzunguka wakidai. Kamachumu watu wa umoja walikaza mikanda, waliokwama wakakopa akiba yao wenyewe, na hakuna hata kaya moja ya umoja iliyopoteza kibanja.

Vijiji vingine vilituma wajumbe. Ulipoitishwa mkutano, ule uwanja wa kanisa haukutosha, watu wakajaa hadi barabarani. Gamaliel alijiandaa kutoa hotuba ndefu yenye michoro. Hakupata nafasi. Wanawake walipiga vigelegele, vijana wakamnyakua wakambeba mabegani, tai yake ikining'inia mgongoni na kiatu kimoja kikipotea katika umati, naye akipiga kelele, "Nishusheni, bado sijaanza!" Bartholomayo alikuwa akitembea mbele yao, akipasua njia kwa fimbo yake, na kila aliyeuliza yule ni nani alimjibu kwa sauti kubwa, "Ni mwanangu. Amesoma uchumi."