Shangazi Anauliza Nilimlilia Wapi Baba Yangu

Admin, jina langu lifiche. La kijiji chetu, Ijumbi, unaweza kuliacha, wana Ijumbi ni wengi. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na saba, mwalimu, naishi Nshambya hapa Bukoba. Baadhi yenu tumeshatukanana kwenye kurasa kama hii kuhusu dini na siasa. Leo sikuja kugombana. Labda kidogo tu.

Shangazi aliyenilea anakufa. Nilipokwenda Ijumbi juzi alinishika mkono akasema, "Mwanawange, miaka yote sijakuuliza. Baba yako ulimlilia wapi?"

Nikajaribu utani. "Shangazi nawe, umekuwa padri?"

"Padri hanisumbui. Wewe ndiye unanisumbua. Kwetu binti huanza kulia akiwa bado barabarani, majirani wajue nani anakuja. Wewe uliingia kama karani wa kodi. Na mimi utanizika hivyo hivyo?"

Nikamgeuza ubavu, nikamnywesha uji.

Baba alirudi kutoka vita vya Uganda akiwa mzima, watu wakachinja. Alikufa miaka mingi baadaye, kwa ugonjwa ambao kwetu uliwahi kuitwa Juliana, jina la mashati ya magendo, kwa sababu hakuna aliyetaka kutamka Ukimwi. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nasoma Bukoba mjini. Nilipofika nyumbani nilikuta watu wachache. Zamani mtu akifa jembe lililala siku kadhaa, na waombolezaji walilala kwenye majani yaliyotandazwa sakafuni. Lakini vifo vilikuwa vingi mno, migomba ikaanza kufa nayo, wazee wakakaa wakaamua: tukizika leo, kesho watu walime. Tulimzika baba kibanjani, kwenye migomba ya nyumbani. Asubuhi yake sufuria za msiba zilihamia nyumba ya jirani, masizi bado mabichi, maana huko nako alikuwa amekufa mtu.

Nasema hivi kwa wanaopenda kuandika hapa kwamba kizazi chetu hakina utu, hakilii misibani. Nani alitupa muda wa kulia? Mlikata matanga, halafu mnauliza machozi yako wapi? Siwalaumu wazee, njaa ilikuwa njaa. Nawalaumu ninyi mnaojifanya hamkumbuki.

Sikulia. Sikuwa hata na huzuni. Nilikuwa kama mkono uliolaliwa.

Nikarudi shule. Jumamosi iliyofuata rafiki zangu wawili walinitoa. Deo alikuwa yatima kunitangulia, mcheshi kupita kiasi. Karim baba yake alikuwa na duka la vitambaa mjini, kwao ilikuwa moja ya familia chache za Kihindi zilizobaki. Vijana wanne wa Kizungu, waliokuja kujitolea kuchimba visima, walikuwa wameazima jenereta ya kwao Karim ili wapige muziki kwenye ukumbi mmoja. Mlinzi wa ukumbi aliambiwa ni muziki wa vijana wa Ulaya. Akapanga viti kama vya kwaya, vya akina mama mbele.

Wakatoka. Wamejipaka nyuso nyeupe, macho na midomo myeusi. Muziki wenyewe unaitwa black metal. Ngoma ilikwenda kama mvua ya mawe kwenye bati, na yule wa mbele hakuimba, alikoroma na kupiga mayowe. Akina mama walikimbia wakifanya ishara ya msalaba. Mmoja alipiga kelele akimwita mama yake kwa Kihaya, "Mawe! Maiti!"

Deo aliniinamia sikioni. "Maiti gani hawa, wamenenepa hivi? Waje kwetu tuwaonyeshe."

Karim akacheka hadi akakaa chini. Mimi nilikuwa namtazama yule kijana wa mbele. Nilifikiri: huyu hajawahi kumwosha mtu aliyekufa. Hajui mdomo unavyokuwa. Nilitaka kukasirika, hasira haikuja. Kisha akapiga yowe refu sana, nami nikafungua mdomo nikapiga langu. Nililiita jina la baba. Nililia kama binti anayeingia uani kwao, mikono kichwani, na hakuna aliyenigeukia, kwa sababu ukumbi mzima ulikuwa kelele. Deo peke yake aliona. Akaacha utani, akanishika nyuma ya shingo, akanishikilia mpaka jenereta ilipozimika.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Haya, twende tukanywe chai. Karim atalipa, Wahindi wana hela."

"Nyamaza wewe," Karim akasema, akalipa.

Sijalia tena tangu siku hiyo. Deo alipokufa, kwa ugonjwa ule ule, sikulia. Karim yuko Kanada.

Sasa tatizo. Habari za ukumbi ule zilifika Ijumbi kabla yangu. Shangazi, Mkatoliki wa kufunga na kusali, aliongoza novena ya rozari, siku tisa za sala, kuwalaani wale vijana na kila aliyekaa kuwasikiliza. Hakujua nilikuwemo. Alinisimulia mwenyewe likizo ile, na mimi nikamenya ndizi.

Nikimwambia nililia bwenini atajua naongopa, hajawahi kukosea. Nikimwambia ukweli, atakufa akijua kwamba kaka yake alililiwa mbele ya watu aliowalaani, na kwamba rozari yake ilinihesabu na mimi. Nikinyamaza, atakufa akiamini hakuna aliyemlilia, na kwamba yeye naye hatapata wa kumlilia.

Msiniambie nikaombewe, hilo nimeshalisikia. Niambieni jambo moja tu. Kesho narudi Ijumbi, na najua ataniuliza tena. Ungekuwa wewe umekaa ukingoni mwa kitanda chake, mkono wako uko mkononi mwake, ungemjibu nini?