Siku Niliyofukiziwa Ubani Singapoo

Siku yangu ya kwanza kazini nilitolewa chumbani kwa kujitia manukato. Duka lilikuwa Matrah, bandarini Maskati, linauza ubani nchi za nje, na mkuu wa chumba cha uchambuzi, mwanamke wa Kiunguja kama mimi, aliniambia nikaoge ndipo nirudi. Pua ya mchambuzi haivai kitu, alisema. Nilinuna, nikaoga, nikarudi.

Kazi yenyewe ni hii. Ubani unakuja kutoka Dhofari, kusini mwa Oman, umechanganyika na mchanga na maganda ya mti. Unaumwaga kwenye ungo, unashika punje moja moja, unaitazama kwenye mwangaza wa dirisha. Nyeupe yenye ukijani ndiyo hojari, daraja la juu. Ya manjano inafuata. Nyekundu yenye maganda ni ya mwisho. Tulikuwa wanawake wanane mkekani, na midomo haikupumzika. Mkuu alipostaafu nikashika nafasi yake, nikawa mkali kuliko yeye. Sijuti.

Kisha zikaja mashine za kuchambua. Mnunuzi wetu mkubwa, mzee wa Kichina mwenye duka la dawa za asili Singapoo, akaanza kuletewa na wauzaji wengine sampuli za ubani uliochambuliwa kwa mashine. Mudiri, msimamizi wa duka lote, akaniita ofisini. Alikuwa mtu mpole, hasemi ila la lazima.

"Bi Salma, mzee huyu akituacha, chumba nnakifunga. Nenda mwenyewe ukazungumze naye."

Watatu katika wale wanawake walikuwa wajane wenye watoto. Sikulala vizuri wiki nzima. Nikenda na mume wangu, Mungu amrehemu, ambaye alikuwa hajapata kupanda ndege na hakutaka mtu alijue hilo.

Mtaa wa Wachina ni wa zamani, nyumba zimegusana, chini duka na juu makazi, nikaikumbuka Darajani ya Unguja. Njia moja ina hekalu la Kihindi na msikiti. Msikitini humo tukaswali adhuhuri. Mkalimani wetu, bibi wa Kimalei aliyesoma Kiarabu, akatupeleka dukani kwa mzee. Droo za dawa zimefika darini, na mijusi mikavu imefungwa vijitini kama mishikaki. Mzee akatukalisha vizuri, akaingia ndani, akatoka na chetezo kinafuka ubani wetu, akakiweka mbele yetu.

Sasa, kwetu Oman mgeni hufukiziwa anapokaribia kuondoka. Chetezo kikishapita hakuna kukaa tena. Mwenye nyumba ameshakuaga kwa adabu. Na sisi hata chai haijaja! Mume wangu akanitazama, akaweka sawa kofia yake, akasimama. Na mimi nikasimama. Nikashukuru, tukatoka, kwa sababu aliyefukiziwa habishani. Nje nikalia, sikufichi. Niliona nimewatoa kazini wanawake wale wote bila ya kufungua mdomo.

Hatujafika pembeni nikasikia ndara nyuma yetu. Mzee yule, na umri wake, anatukimbilia na chetezo mkononi, watu wanampisha, na mkalimani anahema nyuma yake.

"Anauliza amekosa nini," mkalimani akasema. "Akipata mgeni wa mbali, kwanza huwafukizia wazee wake waliokufa, wapate khabari. Leo alitaka kuwaambia kuwa aliyeuchambua ubani wao miaka yote amekuja."

Nikamweleza desturi yetu. Mzee alicheka mpaka akashika ukuta. Tukarudi, na kwa mara ya kwanza maishani nikakaa kitako na moshi unapita. Nikamchambulia konzi moja ya ubani palepale, juu ya meza yake, akainama kuitazama kila punje. Kisha akazirudisha sampuli za mashine kwenye mfuko zilimokuja, akaagizia chai.

Chumba hakikufungwa. Kila mmoja wa wale wanane aliondoka siku aliyoichagua mwenyewe, na mimi nikawa wa mwisho. Leo nipo Hail, huku huku Maskati, nimestaafu, macho yamechoka lakini pua iko palepale. Vijana hunisifu kuwa niliiokoa kazi ya watu kwa ustadi wa mkono. Ewallah, mkono ulisaidia. Lakini mimi nilikuwa nimeshaondoka, na ningerudi Maskati na heshima yangu na chumba kimefungwa. Nnamshukuru Mungu kwa mzee yule. Aliyeachiwa viti vitupu nyumbani kwake alikuwa yeye, na yeye ndiye aliyetukimbilia.